Posho, bugari au ugali: vitabu huria na lugha za watoto wetu



Mwezi huu nimeombwa niandike juu ya zile karatasi zenye picha na hadithi ambazo watoto wanarudi nazo nyumbani siku ya Jumamosi. Wengi mmeziona. Mama mmoja alinisimamisha bombani akaniuliza, "Mwalimu, hizi kitabu munazitoa wapi? Si siku moja batakuja kutulipisha?" Swali lake ni la haki. Huku kambini tumezoea kwamba kitu cha bure kina mwenyewe, na mwenyewe huja siku moja na daftari lake la kuandika majina. Nitalijibu. Lakini naomba nianze na lugha zenyewe, kwa sababu bila hizo karatasi ni karatasi tu.

Hebu tuhesabu pamoja. Mtoto wa hapa Lobule anaamka na Kikakwa, au Kilugbara, au Kikeliko, kufuatana na mama yake. Akitoka kucheza anaongea Kilingala, kile chetu cha Aru na Ariwara. Sisi tuliokulia Bunia tunamwongeza Kiswahili. Akitumwa sokoni Koboko anakuta wafanyabiashara kutoka upande wa Yei, na hapo ni Kiarabu cha Juba. Shuleni, mtaala wa Uganda tangu mwaka 2007 unataka darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya wenyeji, halafu darasa la nne mtoto anageuziwa Kiingereza, na mtihani wa PLE darasa la saba anaufanya kwa Kiingereza hicho hicho. Jioni baba anakaa nje ya nyumba anasema, "Na Kifaransa je? Siku tukirudi itakuwaje?" Nimefika lugha sita, na sijahesabu ile ya nyimbo za kanisani.

Watu wa nje wakisikia hivyo wanawahurumia watoto wetu, eti wamebebeshwa mzigo. Mimi siwahurumii kwa hilo. Mtoto anabeba lugha sita kama anavyobeba ndoo akiwa anapiga mbio. Taabu iko mahali pengine: lugha zenye watu nyumbani hazina vitabu, na lugha zenye vitabu hazina watu nyumbani. Kikakwa kina koko wa kusimulia lakini hakina kitabu kwenye sanduku. Kifaransa kina vitabu, lakini vimebaki ng'ambo ya mpaka.

Nitoe mfano mmoja ili msione nasema maneno matupu. Familia moja jirani yangu iliamua kurudi Aru. Kijana wao alikuwa na miaka 12, hapa Uganda alikuwa darasa la tano na alikuwa mkali wa hesabu. Shule waliyompeleka kule ilimpa karatasi ya Kifaransa, akaikodolea macho. Wakamweka mwaka wa tatu, akae na watoto wadogo, magoti yake yakigonga deski. Hakumaliza miezi miwili. Alirudi Koboko peke yake, sehemu kwa miguu, sehemu nyuma ya pikipiki ya muuza mihogo, akaingia kwa mjomba wake usiku akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Nilipomuuliza, hakulia wala hakulaumu mtu. Alisema tu, "Mwalimu, hesabu naijua. Ni maneno ndo sijui."

Hayo maneno yake ndiyo yalinifanya niache kungoja vitabu viletwe na gari.

Kabla sijaendelea, niwakumbushe kwamba sisi si wa kwanza. Nikienda Arua huwa napita kwa mzee mmoja fundi cherehani, mwenyeji kabisa, Mlugbara, na tunaongea Kilingala. Siku ya kwanza nilishangaa. Akacheka: "Nilijifunza Ariwara. Nilikuwa mkimbizi kama wewe." Ni kweli. Serikali ya Amin ilipoanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbia kwenda Zaire na Sudan, wakakaa huko miaka. Wale wanaotupokea leo walipokelewa na wazazi wetu. Kilingala chao ni cha ukimbizini, na Kiarabu chao vilevile. Kiswahili nacho kilifika huku zamani, kwa askari. Vijana wengi wa West Nile walichukuliwa katika jeshi la Waingereza, King's African Rifles, ambalo amri zake zilikuwa za Kiswahili. Mwaka 1973 Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa wa huku Koboko, alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Ndiyo maana mpaka leo wapo Waganda wanaokisikia Kiswahili wakakumbuka kizuizi barabarani na bunduki. Mimi nawaelewa. Lugha hubeba harufu ya mtu aliyekuja nayo. Lakini mtoto anayejifunza Kiswahili kwa hadithi ya sungura hataisikia harufu hiyo.

Na kuna ushahidi wa karibu zaidi kwamba mkimbizi anaweza kutengeneza kitabu. Mwaka 2018 Agano Jipya la Kikeliko lilizinduliwa huku huku Uganda, na wafasiri wake walikuwa watu waliokimbia vita Sudan Kusini, wakavuka mpaka na kazi yao. Lugha yao haikungoja amani ndipo iandikwe.

Sasa nimjibu mama wa bombani.

Vitabu hivi vinaitwa vitabu huria. Jina hilo la jumla, nyenzo huria za elimu, lilitoka kwenye mkutano wa UNESCO huko Paris mwaka 2002, na mwaka 2019 nchi wanachama wa UNESCO zilikubaliana kuziunga mkono rasmi. Maana yake ni rahisi. Aliyeandika kitabu ameweka ruhusa ndani yake, kabla hata hujamwomba: soma, toa kopi, gawa, tafsiri, badilisha. Ruhusa hiyo huandikwa ukurasa wa mwanzo au wa mwisho kwa herufi za Creative Commons. Ukiona CC halafu BY, maana yake fanya utakavyo ila usifute majina ya aliyeandika na aliyechora. Zikiongezwa NC, usiuze. Zikiongezwa ND, hapo simama: gawa kilivyo, usibadilishe kitu. Kwa hiyo mama, hakuna atakayekuja kukulipisha. Lakini ukichana ule ukurasa wenye majina ili uwashie jiko, umevunja sharti moja tu lililowekwa. (Najua wapo waliochana. Sitawataja.)

Tofautisheni na vitu vya bure. Bure na huria si ndugu wa tumbo moja. Duolingo, kwa mfano, ilifungua kozi ya Kiswahili mwaka 2017, na vijana wetu wenye simu za tachi wanaijua. Ni ya bure, ila ni ya mtu anayejua Kiingereza anayetaka Kiswahili. Mtoto wetu yuko upande wa pili wa barabara. Huwezi kuigeuza, huwezi kuitoa kopi, huwezi kuweka Kikakwa ndani. Unakula kilichopakuliwa.

Hadithi zetu nyingi tunazitoa African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, ambao ulifungua maktaba yake ya intaneti mwaka 2014. Uganda ilikuwa katika nchi za kwanza kuijaribu, pamoja na Kenya na Afrika Kusini, na walimu wa Arua walikuwemo, ndiyo sababu mtakuta humo hadithi za Kilugbara, yaani Lugbarati. (Hilo "ti" la mwisho, nimeambiwa na yule mzee fundi, ni mdomo. Nimelipenda sana: lugha ni mdomo wa watu.) Hadithi zimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia ile yenye neno moja moja chini ya picha, hadi ile ndefu ya mwalimu kuwasomea. Lugha zimo zaidi ya 200. Kwa walimu kuna TESSA, kazi iliyoanzishwa mwaka 2005 na Open University ya Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika, yenye mafunzo kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili. Ni msaada mkubwa kwa mwalimu mwenye wanafunzi 100 na ubao mmoja.

Vipo pia vya zamani ambavyo haki zake hazikuwahi kufungwa. Serikali ya Marekani ilitengeneza kozi za lugha kwa ajili ya wanadiplomasia wake, na kitu kilichoandikwa na serikali yao huwa ni mali ya watu wote. Humo kuna kozi ya Kilingala ya mwaka 1963. Nimeifungua. Kilingala chake kimevaa suti, bana! Watoto wetu wangekicheka. Lakini kwa mwenyeji wa Arua anayetaka kufanya biashara Ariwara, au muuguzi anayetibu watu wetu, mazoezi yake ya kurudiarudia si mabaya.

Sisi tulianza wakati wa korona. Mtakumbuka, shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na wengi hawakurudi darasani sawasawa mpaka Januari 2022. Karibu miaka miwili. Mtoto aliyekuwa anaanza kuunganisha herufi alirudi kuwa mchunga mbuzi. Tulikuwa na simu tatu za tachi kati ya majirani, na kadi moja ya kumbukumbu. Kijana mmoja alikwenda Koboko mjini palipo na mtandao mzuri, akapakua hadithi 40, akarudi akazirusha kwa bluetooth. Tangu Julai 2021 serikali inatoza asilimia 12 juu ya data, kwa hiyo tulijifunza mapema: pakua mara moja, rusha mara nyingi. Hadithi yenye picha na maandishi ni nyepesi, wala haina njaa ya MB kama video.

Na wale wasio na simu? Karatasi. Kijitabu cha kurasa 16, ukizikunja katikati, ni karatasi nne zilizochapwa pande zote mbili. Kopi upande mmoja kwetu ilikuwa shilingi 200, basi kijitabu kizima 1,600. Si kidogo kwa mtu anayepima mafuta ya kula kwa kifuniko cha chupa. Kwa hiyo kila kijitabu kilikuwa cha nyumba tano, kikizunguka kama sufuria ya msiba.

Hapa sasa nifike kwenye posho.

Kulikuwa na hadithi moja ya Kiswahili, ya mtoto anayempelekea bibi yake chakula. Ukurasa wa pili unasema amebeba ugali na mchicha. Nikasoma. Kimya. Mtoto mmoja akauliza, "Ugali ni nini?" Mwenzake wa Bunia akaitazama picha akasema, "Hii si bugari!" Wa tatu, aliyezaliwa hapa, akasema hapana, hiyo ni posho. Na mchicha? Huyu lengalenga, yule dodo. Wakaanza kubishana kwa nguvu, na katika ubishi ule kila mmoja aliitazama picha na neno mara kumi. Sijawahi kupata somo zuri kama lile, na sikulipanga.

Jioni walimu tulikaa. Papa mmoja mstaafu, mtu wa chaki miaka 30, alisema tuache maneno yalivyo. "Kiswahili sanifu ndicho kitakachowapa mtihani. Mukiwapa bugari, watabaki na bugari." Mama mwalimu wa chekechea akamjibu, "Papa, mutoto hawezi kuingia nyumba ya watu kama hajui mulango wa kwao." Wote wawili walikuwa na haki, na kwa kitabu cha kununua tusingekuwa na la kuamua: ugali umechapwa, ugali utabaki. Lakini hiki kilikuwa na BY. Tulikuwa na ruhusa.

Niliamua hivi. Neno la kitabu libaki kwenye mstari, na chini yake, kwa kalamu, tuandike maneno ya majumbani mwetu yote matatu. Kurasa za mwanzo tu. Kuanzia ukurasa wa sita hakuna msaada, mtoto aende na sanifu peke yake. Papa alinung'unika, lakini naona siku hizi anafanya hivyo hivyo na sombe, ambayo Watanzania wanaiita kisamvu.

Baada ya hapo tukaona kitu kikubwa zaidi. Hadithi ile ile, yenye picha zile zile, ipo kwa Kiswahili, ipo kwa Kiingereza, ipo kwa Kifaransa. Na Kikakwa tukakitia wenyewe, kwa msaada wa koko wawili na mzee mmoja wa kanisa. Kwa hiyo tunafanya namna hii: wiki ya kwanza koko anasimulia kwa Kikakwa, akishika picha. Wiki ya pili inasomwa kwa Kiswahili. Ya tatu kwa Kiingereza, ya nne kwa Kifaransa. Mtoto akifika kwenye Kifaransa, hadithi anaijua kama njia ya bombani. Hana haja ya kamusi, kwa sababu picha ndiyo kamusi, na koko ndiye aliyeifungua. Mama zao wanakaa nyuma wakijifanya wanapeta maharage. Mmoja alikuja kunisomea kwa Kiingereza ukurasa mzima ambao hakuna aliyemfundisha.

Watu waliokwenda Kanada kwa kuhamishiwa wanapata hadithi hizo hizo. Chuo Kikuu cha British Columbia kilichukua hadithi 40 za African Storybook, kikaziweka kwa Kiingereza na Kifaransa pamoja na sauti, na kwa lugha nyingi za wahamiaji, Kiswahili kimo. Yaani binamu aliyeko kwenye theluji na binamu aliyeko Lobule wanaweza kupigiana simu wakaulizana habari za ukurasa mmoja. Nasema hivi kwa wale wanaongoja majibu ya safari: kazi hii haitapotea mkiondoka.

Na yule kijana wa hesabu? Hadithi hazikumtosha. Mtu hajifunzi kugawanya kwa hadithi ya sungura. Tukamwandalia karatasi yetu ya maneno ya hesabu, safu tatu: Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa. Kujumlisha, kuzidisha, kugawanya. Hapo ndipo alipoona yeye mwenyewe, kabla yangu, kwamba addition, multiplication na division zinaandikwa herufi kwa herufi sawasawa kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Kutoa tu ndiko kunakobadilika kidogo. Alinitazama, akatazama karatasi, akasema, "Kumbe ni sauti tu?" Ndiyo, kwa maneno hayo ilikuwa ni sauti tu. Ubaoni angeweza kuyatambua. Mdomoni mwa mwalimu hakuyajua. Kwa hiyo karatasi peke yake haingemsaidia, na hapa nataka nisimame kidogo.

Vitabu huria havina mdomo. Nimeona wafadhili wakileta tableti zimejaa masomo, wakapiga picha, wakaondoka, na tableti zikabaki kabatini zikingoja mtu mwenye ufunguo. Lugha inataka mtu. Kifaransa cha yule kijana kilitoka kwa mama mmoja muuza makayabo ambaye alisoma mpaka mwaka wa nne wa sekondari kule nyumbani. Alikuwa anamfundisha namba huku akihesabu samaki: un, deux, trois. Tulimrekodi kwa simu akisoma ile karatasi yetu, na rekodi hiyo sasa iko kwenye simu zaidi ya ninazozijua. Ametuambia tuweke ruhusa ile ile: gawa, badilisha, ila jina lake libaki. Alifurahi sana kuhusu jina.

Jambo jingine ni wasichana. Simu ikiwa moja nyumbani, inakwenda kwa kaka. Kadi ikijaa, kinachofutwa kwanza ni hadithi, ili mpira upate nafasi. Baba, mama, naomba mlitazame hilo. Sisi tumeanza kuwapa wasichana karatasi kwanza, wavulana baadaye, na kelele mlizosikia Jumamosi ile zilikuwa za hilo.

Wengine mnaniuliza, kwa nini kuhangaika na Kiswahili wakati tuko Uganda? Nawajibu kwamba Uganda yenyewe inakitafuta. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kiliandikwa kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2021 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Sudan Kusini iliingia Jumuiya mwaka 2016, Kongo yetu mwaka 2022. Na Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Kuamua ni siku moja. Kupata walimu ni miaka. Sasa nani huku Koboko na Arua anaongea Kiswahili tangu utotoni? Tazama kulia na kushoto kwenye foleni ya maji. Mwalimu mmoja mwenyeji, Mkakwa, huja kwangu Alhamisi na daftari. Ananisahihishia Kikakwa cha hadithi zetu, nami namsahihishia ngeli. Ananiita mwalimu, nami namwita mwalimu, na hakuna anayelipwa. Miaka yote nimesaini karatasi za kupokea: blanketi, sabuni, mahindi. Siku za Alhamisi nami nina kitu cha kutoa.

Sisemi Kiswahili chetu kiko tayari kwenda darasani kilivyo. "Mutoto iko anakuja" haitakubaliwa kwenye mtihani, na papa mstaafu ana haki yake hapo. Lakini mtu anayesema "mutoto iko anakuja" amebakiza mwendo mfupi kuliko anayeanza na alfabeti. Vijana mliomaliza sekondari na mnakaa stejini kungoja abiria, mafunzo ya TESSA ya Kiswahili ninayo kwenye kadi. Njooni muyachukue. Hayatakupa cheti, lakini siku nafasi ikitokea hutaanza na mikono mitupu.

Kwa wanaotaka hadithi: leteni simu ikiwa na chaji, na kadi ikiwa na nafasi. Wenye simu za kitochi, leteni daftari, kuna vijana wanaonakili kwa mkono na picha wanachora wenyewe. Michoro yao mingine ni mizuri kuliko ya kitabu, na kwa sababu ruhusa ipo, majina yao nayo tunayaandika chini ya wale wa kwanza. Walioko Rhino Camp na Imvepi, wapeni kadi ndugu wanaokuja soko la Koboko, tutazijaza.

Mwezi huu tunatafsiri kwa Kikakwa hadithi ya mvuvi wa pwani, na tumekwama ukurasa wa saba. Kuna mawimbi. Koko mmoja ametoa neno, mwingine amelikataa, anasema hilo ni maji yanayochemka chunguni. Bahari hatuna, lakini Nile tunayo. Kama kuna mzee au mama wa Kikakwa aliyewahi kuvua kule Rhino Camp, au hata kuvuka tu kwa mtumbwi siku ya upepo, aje atuambie maji yakiinuka vile yanaitwaje. Tupo Jumamosi kuanzia saa tisa, chini ya mwembe karibu na bomba. Ukurasa tumeuacha wazi.